SOMO LA REDIO: MISHIPA YA FAHAMU NA SUMU YA MUHOGO

Ninyi mlioko Kibiti, Ikwiriri na Mbwera kwenye delta, fungueni madaftari yenu. Leo tutasoma habari za mwili na habari za zamani pamoja.

Ukitembea katika tope la mikoko ukakanyaga gamba la chaza, mguu huinuka kabla hujafikiri lolote. Kwa nini? Habari ya maumivu hupita katika mishipa ya fahamu mpaka kwenye uti wa mgongo. Uti wa mgongo hutoa amri papo hapo: “Inua mguu!” Ubongo hupata habari baadaye kidogo, ndipo unapopiga kelele.

Lakini ukitaka mwenyewe kwenda shamba, amri hutoka kwenye ubongo. Hushuka kwa uti wa mgongo, kisha hufika miguuni kwa mishipa mingine. Njia ile ya kushukia ikiharibika, miguu hukakamaa. Akili ni nzima, ngozi inahisi, lakini kutembea ni shida.

Jambo hili limewapata watu wengi. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika habari za ugonjwa wa namna hiyo huko Kwango, Kongo. Wayaka wa huko waliuita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Mwaka 1981, wakati wa ukame, ulizuka Nampula, Msumbiji, wakaonekana wagonjwa zaidi ya 1,000. Mwaka 1985 ukame ulifika Tarime, hapa kwetu Tanzania, na konzo ikaja nayo. Walioumia zaidi walikuwa wanawake na watoto.

Waganga walichunguza chakula. Waliona kwamba watu walikuwa wakila muhogo mchungu karibu kila siku. Muhogo huo una sumu iitwayo sianidi. Kwa kawaida watu walijua kuitoa, lakini njaa haina subira: siku za kutengeneza muhogo zilipunguzwa. Tena samaki, nyama na maharage vilikuwa haba, navyo ndivyo husaidia mwili kuishinda sumu hiyo. Basi mtu aliweza kulala mzima, akaamka miguu imekakamaa. Konzo haiendelei kuzidi, lakini mishipa iliyoharibika haiponi.

Ndugu zangu, Rufiji tunakula muhogo, nasi tunajua mafuriko na ukame. Kwa hiyo shikeni haya. Kuchemsha peke yake hakutoshi kwa muhogo mchungu. Umenye, uuloweke majini siku tatu mpaka ulainike, kisha uanike juani ndipo utwange unga. Ule pamoja na dagaa, samaki au kunde. Mwaka wa njaa ndio mwaka wa kuzidisha uangalifu, si wa kuupunguza.

Na mtu akikakamaa miguu ghafla, msikae mkibishana ni nani aliyemroga. Mpelekeni zahanati upesi, na mwangalie nyumba nzima inakula nini.

Maswali ya darasa:
1. Ni nini huinua mguu kabla ya ubongo kupata habari?
2. Kwa nini konzo ilizuka Tarime mwaka 1985?
3. Nyumbani kwako muhogo mchungu hutengenezwa kwa siku ngapi? Waeleze wenzako.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.