Kipaumbele: anayetangulia na anayengoja

Kipaumbele ni jambo linalopewa nafasi ya mbele kabla ya mengine. Neno limeundwa kama kipimajoto: ki-, kitenzi, kisha jina linalokikamilisha. Kitenzi chetu ni -pa, nacho hakikai bila mpewa. Jina ni umbele, hali ya kutangulia, na hakuna anayetangulia pasipo wa kumfuata. Maana hiyo ya pili ndiyo tunayoipoteza tunapojaza “vipaumbele” kumi na viwili kwenye mpango kazi wa mwaka. Hiyo ni orodha ya kazi tu. Hakuna kilichopewa umbele.

Tusilichanganye na majirani zake. Umuhimu ni uzito wa jambo lenyewe, uharaka ni uchache wa muda uliobaki. Kipaumbele ni uamuzi, na uamuzi una mwenyewe. Mwalimu Nyerere aliliweka wazi mwaka 1969 alipowasilisha Mpango wa Pili wa Miaka Mitano mbele ya chama cha TANU, katika hotuba iitwayo Kupanga ni Kuchagua. Elimu ya msingi kwa watoto wote ilipangiwa kungoja hadi 1989. Mwaka 1974, kule Musoma, chama kikaivuta mbele hadi 1977.

Kwa wakazi wa Sekei, Arusha, mfano mzito zaidi uko jirani, kwenye majengo ya kituo cha mikutano cha AICC. Humo ndimo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa Novemba 1994, ilimosikiliza kesi zake. Watuhumiwa wa mauaji ya kimbari walikuwa wengi mno kwa mahakama moja; yenyewe ilishtaki watu 93. Agosti 2003 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaipa ukomo: upelelezi uishe 2004, kesi za ngazi ya kwanza 2008, kazi yote 2010. Machi 2004 likaongeza kwamba nguvu zielekezwe kwa viongozi wakuu waliodhaniwa kubeba dhima kubwa zaidi. Kesi za watu 10 zikapelekwa kwenye mahakama za kitaifa, Ufaransa na Rwanda. Jean Uwinkindi alihamishiwa Rwanda mwaka 2012. Ukomo ulipitwa, na milango ilifungwa Desemba 31, 2015. Hata hivyo naiheshimu hatua ile ya kukabidhi: kesi iliyowekwa nyuma ilijulikana iko mikononi mwa nani.

Kazi ya mezani haina uzito huo, lakini utaratibu unafaa. Mchukue afisa miradi wa asasi yoyote pale Sekei, Jumatatu saa mbili asubuhi. Ana ripoti ya robo mwaka, bajeti ya semina, mkataba wa mkufunzi ambao haujasainiwa, na ujumbe wa WhatsApp unaoingia mfululizo. Anaandika “mkataba” juu ya karatasi, kwa kuwa bila huo semina haianzi, kisha anapiga mstari. Chini ya mstari, kila kazi inaandikwa na jina la anayeingoja na siku yake. Halafu anamwandikia mhasibu: “Dada, ripoti nitaishika Jumatano mchana, leo namalizia mkataba.” Mhasibu anajibu: “Sawa, basi mimi naendelea na hesabu za magari.” Kumbe hakuwa na haraka, alitaka tu kujua.

Na mkurugenzi akiingia saa sita na jambo jipya, karatasi ipo mezani, swali ni moja: “Bosi, hili likae juu ya mkataba au chini yake?”