Msee Aliyemwambia Mfalme "Hiyo Siwezi"

Ukitaja jeshi la Prussia, watu huwaza kitu kimoja tu: nidhamu. Mistari imenyooka, miguu inapiga chini pamoja, hakuna maswali. Amri ikitoka juu, unaitika na unaenda. Hiyo picha si uongo. Lakini leo nataka niwapee story ya ofisa mmoja wa jeshi hilo hilo. Mfalme mwenyewe alimwambia afanye kitu, yeye akakataa, na kazi yake ikaharibikia hapo.

Jina ni Johann Friedrich Adolf von der Marwitz. Alizaliwa 1723, familia ya mabwanyenye wa Brandenburg wenye mashamba pale Friedersdorf, mashariki mwa Berlin. Kwa familia kama hizo, kijana hakuwa anaulizwa anataka kuwa nani akikua. Ni jeshi, mambo kwisha. Marwitz akaingia Gensdarmes, rejimenti ya wapanda farasi yenye jina kubwa sana, wale wa kukaa karibu na mfalme. Akapanda vyeo mpaka akawa ndiye anaiongoza. Kwa ufupi, maisha yalikuwa yamejipa.

Sasa ingia kwa vita. Mwaka wa 1756 mfalme Friedrich wa Pili, yule huitwa Friedrich Mkuu, alivamia nchi jirani ya Saxony. Hapo ndipo Ulaya ikawaka ile Vita ya Miaka Saba. Austria, Urusi, Ufaransa, wote wakamgeukia. Oktoba 1760 Warusi na Waaustria wakaingia Berlin yenyewe. Hawakukaa siku nyingi, lakini askari wa Saxony waliokuwa upande wao walifika kwa kasri la Friedrich pale Charlottenburg wakalipora. Fanicha, picha, sanamu za kale alizokuwa anazipenda, zote zikaguswa.

Friedrich akaamua kulipiza. Mtawala wa Saxony, August wa Tatu, alikuwa na kasri la uwindaji linaitwa Hubertusburg, kati ya Leipzig na Dresden. Mwanzo wa 1761 Friedrich akasema lisafishwe, na si kwa ufagio.

Mnaona venye hiyo amri ilikuwa rahisi kuhalalisha? "Wao ndio walianza." "Ni vita." "Ni amri ya mfalme." Kila kisingizio kilikuwa tayari mezani.

Marwitz akakataa. Kulingana na vile familia yake ilihifadhi story, alijibu kwamba kazi ya namna hiyo labda inawafaa maofisa wa vile vikosi vya kuokotwa okotwa, lakini si kamanda wa Gensdarmes. Yaani hakumwambia mfalme kwamba kupora ni dhambi. Alimwambia: mimi si mtu wa kutumwa hivyo.

Na hakuwa peke yake. Jenerali mmoja, Friedrich Christoph von Saldern, naye anakumbukwa kwa kukataa amri hiyo hiyo, akisema inaenda kinyume na heshima yake na kiapo chake. Mfalme akaudhika, akamwambia kumbe hataki utajiri.

Basi mfalme akatafuta mwingine. Akapata Karl Guichard, msomi wa historia ya kijeshi ambaye mfalme mwenyewe alikuwa amembandika jina la Kirumi, Quintus Icilius, baada ya wao kubishana kuhusu askari fulani wa zamani. Alikuwa anaongoza kimoja cha vile vikosi ambavyo Marwitz aliwadharau. Quintus akaenda, kasri likaporwa.

Hapa ndipo watu wengi husimamisha hii story na kusema "shujaa alikataa, mwisho mwema." Mimi nataka tuangalie hesabu yenyewe.

Saldern alikataa na hakufanywa kitu cha maana. Aliendelea kupanda, akawa luteni jenerali, akapewa kusimamia mafunzo ya askari wa miguu huko Magdeburg, akafa 1785 akiwa anaheshimika. Marwitz alikataa na mlango ukafungwa. Baada ya vita alipitwa kwa vyeo na akaishia kuacha jeshi. Alifariki 1781. Kosa moja, mfalme mmoja, matokeo tofauti kabisa. Kwa hivyo yeyote anayekuambia kwamba ukisimama na ukweli lazima utalipwa, anakudanganya. Na anayekuambia lazima utaumia, pia anakudanganya. Huwezi kujua bei kabla hujafika kwa kaunta.

Na Quintus aliyetii? Inasemekana baadaye aliomba mfalme amrudishie pesa alizotumia kwa maofisa wake. Friedrich akakataa, akisema hao maofisa waliiba kama kunguru na hawapati kitu. Soma hiyo tena. Mtu aliyekutuma kuiba ndiye anakuita mwizi.

Kuna kitu kingine siwezi kuruka. Marwitz alikuwa na mgongo wa kuegemea: jina, ukoo, mashamba. Askari wa kawaida wa Prussia hakuwa na huo uhuru. Akivunja amri, angeweza kupitishwa katikati ya safu mbili za wenzake wakimchapa fimbo. Heshima ambayo maofisa walikuwa wanajivunia ilikuwa mali ya wachache. Lakini hilo kwangu linamwongezea Marwitz mzigo, halimpunguzii sifa. Ukiwa na pa kuangukia na bado unasema "nilitumwa tu", wewe ndiye huna kisingizio hata kidogo.

Swali gumu ni hili: kukataa kwake kulisaidia nini, kama kasri liliporwa tu? Jibu langu ni kwamba amri haina mikono. Inabidi iazime mikono ya mtu. Kila anayekataa anamlazimisha mwenye amri azunguke kutafuta mwingine, na huyo mwingine hawezi tena kusema kwamba hakukuwa na njia. Marwitz hakuokoa kiti hata kimoja pale Hubertusburg. Alichofanya ni kuharibu ile sentensi ya "mtu yeyote angefanya hivyo."

Halafu historia ikaleta kejeli yake. Februari 1763 vita kati ya Prussia, Austria na Saxony iliisha kwa mkataba uliotiwa sahihi wapi? Hubertusburg. Kwa lile kasri lililoporwa.

Miaka ikaenda. Mpwa wake, Friedrich August Ludwig von der Marwitz, alikuwa mtoto mdogo mjomba alipokufa. Akakua, akawa jenerali, akamwekea kumbukumbu ya jiwe pale Friedersdorf. Linasema kwamba alipigana vita vyote vya Friedrich, na kwamba pale kutii hakungeleta heshima, alichagua kukosana na mfalme. Wajerumani huyataja maneno hayo hadi leo, hasa wakiongea kuhusu maofisa waliojaribu kumuua Hitler tarehe 20 Julai 1944. Ni kweli pia kwamba maofisa wengi wa ukoo huo huo wa Kiprussia walimtii Hitler mpaka mwisho. Jiwe halikuwazuia. Lakini sheria ya sasa ya jeshi la Ujerumani inasema wazi kwamba askari hatakiwi kutii amri ambayo ni uhalifu. Wazo ambalo liligharimu mtu mmoja kazi yake limekuwa kifungu cha sheria.

Wengi wetu hatutawahi kutumwa kupora kasri. Tutatumwa vitu vidogo: badilisha hii tarehe, weka sahihi hapa, mwambie mteja hivi. Na aliyekutuma hatakuwa hapo ukiulizwa. Kabla hujaitika, jiulize tu: baadaye atasema alinituma, ama ataniita kunguru?