Jembe Lililokwisha na Umri Uliobaki Shimoni

Mwaka jana, nikiwa wilayani Geita, kijana mmoja mchimbaji mdogo alinitolea mfukoni kipande cha chuma chenye kutu. Mashine yake ya kutafutia dhahabu ilikuwa imelia, akachimba kina cha mkono mmoja, akakikuta. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikwisha kukipima kwenye mzani. Kabla ya kukiuza, kijana alitaka kujua jambo moja tu: "Mwalimu, hiki ni nini?"

Kilikuwa na urefu wa kiganja, bapa upande mmoja, na upande wa pili kimechongoka kama msumari mnene. Nikasema, kwa kujiamini kwa msomi, kwamba ni ncha ya mkuki. Bibi yake, aliyekuwa akipepeta nafaka pembeni, alikichukua, akapitisha kidole ukingoni, akacheka. "Mkuki gani unaolika upande mmoja, baba? Hili ni jembe lililokwisha."

Bibi alisema kweli. Jembe hulika zaidi kwenye pembe inayotangulia kugusa udongo, kwa kufuata mkono wa mlimaji. Ile ncha nene ilikuwa mkia wa kupenyezwa kwenye kichwa cha mpini, ilhali majembe mengi ya kiwandani huwa na tundu la mpini, unene ulio sawa na mhuri wa mtengenezaji. Hiki hakikuwa na tundu wala mhuri. Unene wake ulipanda na kushuka, na kutu yake ilibanduka kwa matabaka, dalili ya chuma kilichofuliwa kwa nyundo.

Si ajabu kikutwe Geita. Huko kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria, Warongo walisifika kwa kuyeyusha na kufua chuma, na majembe yao yaliwafikia Wasukuma, yakatumika kulimia na kulipia mahari. Kaskazini zaidi, katika nchi ya Wahaya, wanaakiolojia wamechimbua mabaki ya uyeyushaji chuma yanayokaribia miaka 2,000. Majembe ya bei nafuu kutoka Ulaya yalipoenea wakati wa ukoloni, tanuri zilizimwa moja baada ya nyingine. Wahunzi wakabaki kufua chuma kilichoyeyushwa na wengine. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba viwanda vililetwa na wageni ana haki ya kulijua hilo, hasa kwa kuwa jembe limo katika nembo ya taifa lake.

Lakini, ndugu msomaji, je, kipande hiki kinalindwa na sheria? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahesabu kuwa masalia vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Sheria inauliza umri, na umbo la jembe peke yake halijibu swali hilo, kwa maana mafundi walirithishana umbo lile lile kizazi baada ya kizazi. Jibu lingetoka katika vilivyolizunguka: makaa yanayoweza kupimwa umri, mavi ya chuma, vigae vya vyungu, kila kimoja katika tabaka lake la udongo.

Tulirudi shimoni jioni ile. Makaa yalikuwepo, na mavi ya chuma pia, vyote vimechanganyika katika lundo moja la udongo. Hakuna aliyeweza tena kusema kipi kililala na jembe.

Simlaumu kijana. Ana kibali cha kuchimba, na hakuna mtu aliyewahi kumweleza kwamba chuma chenye kutu kinaweza kuwa ushahidi. Watumishi wa umma mnaosoma hapa, mnaweza kuanza na karatasi moja inayoambatana na kila kibali: mchimbaji akikuta chuma cha kale, mavi ya chuma au vigae, asimamishe jembe lake, apige picha kabla ya kuvigusa, na atoe taarifa kwa ofisi iliyotajwa kwa jina na namba ya simu.

Kijana hakukiuza. Alikifunga kwenye kitambaa, akaniuliza akipeleke wapi. Hilo ndilo swali ambalo ofisi ya kata ilipaswa kuwa na jibu lake tayari.