Safu ya Maduka ya Musoma

Kamunyonge, mtaa wa Musoma, kila nyumba inasimama peke yake: ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, uani kwa nyuma, na upenyo wa kupita kati yako na jirani. Shuka kwa miguu hadi katikati ya mji, kwenye maduka ya zamani, utakuta mambo mengine. Huko nyumba zimeshikana bega kwa bega, na ukuta mmoja unabeba familia mbili.

Safu hizo zilitoka wapi? Mwaka 1858 msafiri Mwingereza Speke alilipa ziwa letu, Nyanza, jina la malkia wake, Victoria. Wakati huohuo kwao, katika enzi ya malkia huyo (1837–1901), miji ilijaa nyumba za safu, nyembamba barabarani na ndefu kwa ndani. Kwetu safu haikuletwa na Waingereza. Ililetwa na wafanyabiashara Wahindi wa Kutch na Gujarat, ambao kwao pia mtaa wa biashara ni nyumba zilizoshikana.

Reli kutoka pwani ilifika Kisumu Desemba 1901, na meli zikaunganisha bandari za ziwa. Allidina Visram, mzaliwa wa Kutch aliyefariki 1916, alikuwa ametandaza maduka kutoka pwani hadi Uganda. Wafanyabiashara wadogo wakafuata nyayo zake. Mabati, misumari na majora ya nguo yalishushwa Musoma. Ngozi, samli na pamba zikapakiwa. Miaka ya 1930 dhahabu ya migodi ya Buhemba na Kiabakari iliwaongezea wateja.

Nyumba yenyewe ilipangwa kwa akili sana. Mbele ni baraza lenye nguzo chini ya paa la mabati, mahali pa fundi cherehani na mwenye kungoja mvua ikatike. Kisha milango ya mbao inayokunjwa, duka, stoo, vyumba vya familia, na mwisho ua wenye jiko, pipa la maji ya mvua na mlango wa uchochoroni. Mtu alilala hatua chache kutoka kwenye mali yake. Inama uguse kizingiti cha duka la namna hiyo: saruji imelika katikati kama sahani, kwa nyayo za walionunua chumvi na mafuta ya taa. Mimi naona hilo ni pambo zuri kuliko nakshi yoyote. Ukuta wa pamoja nao uliokoa matofali, ukazuia jua la ubavuni.

Kisha Aprili 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo. Jengo la kupangisha lenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi lilikwenda kwa Msajili wa Majumba wa serikali, na lililozidi umri wa miaka 10 halikulipiwa fidia. Mwenye nyumba aliweza kuamka mpangaji chini ya paa alilolipaua mwenyewe. Mwaka 1990 mali za Msajili zilihamia Shirika la Nyumba la Taifa.

Sasa hatari ni nyundo. Anayebomoa nyumba moja ya safu ili apandishe ghorofa anamvua jirani ubavu: boriti zinakosa pa kulalia, na mvua inaingia ukutani ambako haikuwahi kufika. Ndugu yangu uliyenunua duka la kale Musoma, kabla ya kugonga tofali la kwanza, piga picha, chora ramani ya vyumba, mlete mhandisi, na umwite jirani wa ukuta awe shahidi.