Kizimba Chako, Soko la Nani?

Nimekuwa kimya kidogo, si kwa kukosa la kuandika. Ni barua moja tu ambayo imenikaa kichwani wiki nzima.

Mdogo wangu ni karani katika ofisi moja hapa Dar. Jioni na Jumapili anatengeneza hereni na mikufu ya vitenge na shanga. Alianza kwa kujifurahisha tu, akawapa mashoga zake, mashoga wakawaonyesha wenzao, na leo anaweka picha mtandaoni, watu wanaagiza, wanalipa kwa simu, bodaboda anapeleka mzigo. Mwezi uliopita mauzo yake yaliukaribia mshahara wake. Basi akaandika barua ya kuacha kazi, akaniletea. "Kaka, wewe ndiye mwandishi wa ukoo. Hebu niangalizie lugha kabla sijaipeleka."

Lugha ilikuwa safi kabisa. Kilichonisumbua ni sentensi moja. Alisema anaondoka ili akaendeshe "duka langu mwenyewe". Nikakumbuka kwamba miezi michache nyuma ukurasa wake ulifungwa siku tatu bila maelezo yoyote. Siku hizo tatu hakuuza hata hereni moja. Hakuwa na namba ya mteja hata mmoja, kwa sababu wateja wote walikuwa ndani ya ule ukurasa. Ulipofunguliwa alishangilia, akasahau. Mimi sikusahau.

Nikamwambia aniachie barua kwa siku chache. Halafu nikafanya kile ambacho sisi waandishi hufanya tukiogopa kumjibu mtu: nikaenda kusoma historia. Nikachagua historia ya soko la mtandaoni ambalo lilijengwa kwa ajili ya watu kama yeye hasa, watu wa kazi za mikono. Linaitwa Etsy.

Turudi nyuma mpaka mwaka 2005, Brooklyn, New York. Kijana mmoja, Rob Kalin, alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Alipenda useremala. Alitengeneza vitu vya mbao, akajikuta na tatizo ambalo kila fundi analijua: kazi ipo, mnunuzi yuko wapi? Wakati huo ukitaka kuuza kitu kwenye intaneti nchini Marekani, mahali palipojulikana zaidi ni eBay, soko la mnada lililoanzishwa mwaka 1995. Lakini huko fundi aliyeshona mkoba kwa mkono wake wiki nzima alikaa safu moja na mtu anayeuza simu kuukuu na mitumba. Nani atamwona?

Kalin na wenzake wawili, Chris Maguire na Haim Schoppik, walikuwa wamefanya kazi ya kuitengeneza upya tovuti ya wapenda kazi za mikono iitwayo GetCrafty. Huko wakawasikia mafundi, wengi wao wanawake, wakilalamika jambo hilohilo. Basi vijana wakajifungia, wakaandika programu, na tarehe 18 Juni 2005 wakafungua Etsy. Sharti lilikuwa rahisi kueleweka: uza ulichotengeneza mwenyewe, au vifaa vya kutengenezea, au kitu cha zamani. Bidhaa za kiwandani, hapana.

Na ushuru wake? Huu ndio moyo wa habari yenyewe, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Kwa miaka mingi muuzaji alilipa senti 20 kuweka bidhaa moja, na ikiuzwa, asilimia 3.5 ya bei. Chukua mkufu wa dola 20. Soko lilichukua senti 70 za kamisheni na senti 20 za kuweka, jumla senti 90. Anayebaki na dola 19 na senti 10 ni fundi, kabla hajatoa gharama za kupokea malipo, shanga, uzi na usiku wake. Si mbaya hata kidogo. Mwulize mtu yeyote aliyewahi kupeleka kazi zake kwenye duka la wenye duka, atakwambia amekatwa kiasi gani.

Watu wakaja. Mwezi Januari 2008 wawekezaji wakaingiza dola milioni 27. Wapo mafundi waliofanikiwa kweli. Mwishoni mwa 2009 magazeti ya Marekani yaliandika habari za mfumaji mmoja wa sufi kutoka Atlanta, mwanamke aliyekuwa akipata zaidi ya dola 140,000 kwa mwaka kwa kufuma skafu na kuziuza Etsy. Kila mwenye sindano aliisoma habari ile akaota ndoto. Lakini ndani yake kulikuwa na jambo ambalo waotaji waliliruka: alifuma hadi saa 13 kwa siku. Alipenda kufuma, na sasa kufuma kulikuwa kumeijaza siku yake. Wadau, huo ni ushuru wa aina nyingine ambao hauandikwi kwenye risiti.

Hapo ndipo Etsy yenyewe ilipokumbana na swali gumu. Mtu akifanikiwa sana mikono yake miwili haitoshi. Afanyeje? Aajiri? Apeleke mchoro wake kiwandani? Sheria ya zamani ilimbana. Oktoba 2013 kampuni ikalegeza: muuzaji akaruhusiwa kuajiri wasaidizi na kutumia viwanda vya nje, ilimradi mchoro ni wake na ameomba ruhusa. Wakubwa wakashukuru. Wadogo wakanung'unika kwamba sasa fundi wa mkono atashindana na mashine ndani ya nyumba iliyojengwa kwa ajili ya mkono. Ukiniuliza mimi, kila upande ulikuwa na hoja. Ila angalia kitu kimoja: hakuna aliyepiga kura. Wauzaji walitangaziwa.

Tarehe 16 Aprili 2015 Etsy ikaingia kwenye soko la hisa la Nasdaq. Hisa ilipangiwa dola 16, jioni ikafunga kwenye dola 30. Mwaka uliotangulia wauzaji milioni 1.4 walikuwa wameuza bidhaa za karibu dola bilioni 2 kupitia soko hilo. Shangwe! Lakini kampuni ikishakuwa na wenye hisa, ina mabwana wapya wa kuwaridhisha, na mabwana hao hawafumi sufi. Hisa zikashuka, wawekezaji wakakasirika, na Mei 2017 mkurugenzi mkuu Chad Dickerson akaondolewa, akaja Josh Silverman. Wafanyakazi wengi wakapunguzwa. (Kalin, yule seremala wetu, alikuwa ameshaondolewa kwenye uongozi tangu Julai 2011. Hata mwanzilishi hakudumu kwenye kiti chake.)

Sasa tufuate mkufu wetu wa dola 20. Julai 2018 kamisheni ikapanda kutoka asilimia 3.5 hadi 5, na ikaanza kukatwa hata kwenye pesa ya kusafirisha mzigo. Senti 90 zikawa dola 1 na senti 20, bila kuhesabu ile ya usafiri. Mwaka 2020 likaja jambo jingine: Etsy ikaanza kutangaza bidhaa za wauzaji kwenye tovuti nyingine, na mteja akija kupitia tangazo, muuzaji anakatwa zaidi. Duka dogo linaruhusiwa kukataa. Duka lililovuka mauzo ya dola 10,000 kwa mwaka haliruhusiwi, linakatwa asilimia 12. Yaani ukishafanikiwa, ndipo unaponyimwa haki ya kusema hapana.

Nisiwe mtu wa upande mmoja. Mwaka huohuo wa 2020, korona ilipofunga maduka, soko hili liliwaokoa wengi. Mwezi Aprili peke yake wauzaji wa Etsy waliuza barakoa milioni 12. Washonaji waliokuwa wamekaa bila kazi walijikuta wanashona usiku kucha. Hakuna fundi wa nyumbani ambaye angewapata wateja wale kwa kutundika barakoa dirishani. Soko lilikuwa na kitu ambacho fundi hana: watu wanaopita. Hilo tulikubali.

Lakini Aprili 2022 kamisheni ikapanda tena, kutoka asilimia 5 hadi 6.5. Mkufu wetu sasa unakatwa dola 1 na senti 50. Na haya yalikuja baada ya mwaka ambao mapato ya kampuni yalizidi dola bilioni 2. Kampuni ilijitetea kwamba pesa hizo zitaenda kwenye matangazo na huduma. Wauzaji hawakuridhika. Kuanzia tarehe 11 hadi 18 Aprili maelfu yao wakagoma, wakafunga maduka yao, na makumi ya maelfu ya watu wakatia saini waraka wa malalamiko. Hebu fikirini: mgomo wa watu ambao hawajawahi kuonana, kila mmoja amekaa sebuleni kwake!

Ushuru haukushuka.

Kwa nini? Kwa sababu fundi akiondoka soko halimfuati. Sifa alizoandikiwa na wateja kwa miaka kumi zinabaki kule. Mahali alipopanda kwenye orodha ya kutafuta panabaki kule. Mteja akirudi kesho haandiki jina la fundi, anaandika "mkufu wa shanga", na soko linampa fundi mwingine. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kizimba ni chako mpaka siku mwenye soko anapobadilisha bei.

Baada ya mgomo baadhi ya wauzaji wakaunda chama chao, na mwaka 2023 likafunguliwa soko la ushirika, Artisans Cooperative, ambalo mafundi wenyewe ndio wanachama na ndio wamiliki. Ni dogo mno ukililinganisha na Etsy. Lakini niliposoma hilo nilicheka peke yangu, maana sisi wa Dar tunaijua njia hiyo. Mwaka 1968 Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora wanyama kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya hadibodi, na picha zikauzwa pale Morogoro Stores, Oysterbay. Alifariki mwaka 1972. Wanafunzi wake waliendelea kuuza palepale, na mwaka 1990 wakaandikisha ushirika wao. Hawakuwa na intaneti, lakini swali walilolijibu ni lilelile la Brooklyn: mahali pa kuuzia ni pa nani? Ushirika nao una ugomvi wake, tusidanganyane. Ila mkigombana, mnagombana wenye nyumba.

Basi Jumamosi nikamwita mdogo wangu, nikampa chai, nikamsimulia yote haya. Alinisikiliza kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea kuwa na kaka mwandishi. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo unaniambia nisiache kazi?"

Nikamwambia hapana. Wale waliofanikiwa Etsy hawakukosea kwenda huko. Aliyekosea ni yule aliyedhani kwamba wingi wa wateja wa soko ni wateja wake. Mapenzi ya kazi huanza biashara, lakini kinachoifanya iwe biashara kweli ni yale usiyoweza kunyang'anywa kwa kubonyeza kitufe: majina ya waliokununulia, namba zao, alama ambayo mtu akiiona kwenye sikio la mwenzake anajua ni kazi yako, na hesabu inayoonyesha unabaki na kiasi gani baada ya kila mwenye soko kuchukua chake. Hesabu hiyo ifanye kwa ushuru wa leo, halafu ifanye tena kana kwamba umepanda maradufu. Ukiona bado unakula, ondoka kazini.

Akakaa kimya. Akachukua kalamu, akapiga hesabu nyuma ya ile barua yake nzuri, akaguna. Halafu akafuta ile tarehe, akaandika nyingine, miezi sita mbele. Sentensi ya "duka langu mwenyewe" hakuigusa.

Jioni akapita dukani akanunua daftari kubwa la kaunta. Juu ya jalada akaandika "WATEJA". Ameanza kuwapigia mmoja mmoja walioagiza karibuni, anaomba namba na majina kamili. Mpaka jana usiku alikuwa amefika 43.

Barua bado iko kwangu, kwenye droo. Miezi sita si mingi. Nyinyi wenzangu mnaouza keki, picha, nguo na nyimbo mtandaoni, mna daftari?

Ni hayo tu kwa leo. Wasalaam.