Mashine ya Meli Kifuani

Mwaka 1953, katika mji wa Lund kusini mwa Uswidi, Dk. Inge Edler alikuwa na kazi ya kuamua mgonjwa yupi wa moyo apasuliwe na yupi aachwe. Upasuaji ulioanza kushamiri wakati huo ulipanua valvu ya mitrali iliyobanwa na makovu ya homa ya baridi yabisi. Mwenye valvu iliyobana alipata nafuu. Mwenye valvu inayovuja angeweza kudhurika kwa kisu hichohicho. Kuwatofautisha kwa kusikiliza kifua na kutazama eksirei kulikuwa kugumu.

Edler akamwendea mwanafizikia kijana, Carl Hellmuth Hertz. Huyu alijua kwamba katika kiwanda cha meli cha Kockums, mjini Malmö, mafundi walitumia mawimbi ya sauti kutafuta nyufa ndani ya chuma. Akaiazima mashine yao, akajipima kifua, akaona mwangwi ukicheza kwenye skrini kwa kufuata mapigo ya moyo wake. Baba yake, Gustav Hertz, mshindi wa Tuzo ya Nobel, aliwahi kuongoza maabara ya utafiti ya Siemens, na kwa njia hiyo wawili hao wakaazimwa mashine bora zaidi. Tarehe 29 Oktoba 1953 wakarekodi kwa mara ya kwanza mwendo wa moyo.

Mchoro ulipatikana upesi. Kuusoma kulichukua miaka.

Mstari uliochezacheza kuliko yote, Edler aliudhania kuwa ukuta wa chemba ya juu ya kushoto. Ili kupata hakika, aliweka alama kwenye vifua vya wagonjwa mahututi kuonyesha mawimbi yalikoelekea. Walipofariki, akapitisha chuma chembamba cha kuvunjia barafu kwa mwelekeo uleule. Kilifika kwenye kipande cha mbele cha valvu ya mitrali. Kumbe valvu yenyewe ndiyo iliyokuwa ikijichora: yenye afya hujifunga haraka na mstari wake huporomoka, iliyobana hushuka polepole.

Nchini Marekani, ujuzi huo ulienea kupitia mafunzo ya darasani. Harvey Feigenbaum wa Chuo Kikuu cha Indiana alianza na mashine ambayo madaktari wa mishipa ya fahamu waliitumia kupimia ubongo, na mwaka 1965 akaeleza namna ya kugundua maji yaliyojaa ndani ya utando unaouzunguka moyo. Mwaka 1968 aliendesha kozi ya kipimo hicho mjini Indianapolis, na mwaka 1972 akatoa kitabu cha kiada. Aliwafundisha pia mafundi wasio madaktari kushika mashine.

Katika miaka ya 1970, Liv Hatle na wenzake wa Trondheim, Norwei, waliongeza hesabu. Walipima kasi ya damu ipitayo kwenye valvu kwa mita kwa sekunde, wakaizidisha kwa yenyewe, kisha mara nne: jibu likawa tofauti ya shinikizo kati ya pande mbili za valvu, kwa milimita za zebaki. Kabla ya hapo, kuijua kulihitaji kuingiza mrija moyoni.

Homa ya baridi yabisi imekuwa nadra Uswidi, lakini bado inaharibu valvu za watoto Afrika Mashariki. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, hata wauguzi walifundishwa kutumia mashine ndogo za mkononi kutafuta damu inayorudi nyuma kwenye valvu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulipima zaidi ya watoto 100,000 nchini humo, ukapata 818 wenye ugonjwa uliojificha waliokubali kushiriki. Nusu yao walichomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili, nusu hawakuchomwa. Miongoni mwa wale ambao matokeo yao yalihesabiwa mwishoni, ugonjwa ulikuwa umeendelea kwa watoto 3 kati ya 399 waliochomwa, na kwa 33 kati ya 400 ambao hawakuchomwa.