Kitanda cha Mtoto na Kunguni Wake

Ndugu msikilizaji, mtoto akishikwa na homa, kipimajoto kipo. Akishikwa na huzuni, au hofu isiyomwacha alale, nani atatuambia kama tiba inamfaa? Swali hilo lilipoulizwa kwa dhati huko Marekani, jibu lilikuwa chungu.

Mwaka 1990, kambi ya jeshi ya Fort Bragg, jimboni North Carolina, ilianza mpango mkubwa wa kuwatibu watoto wa wanajeshi wenye maradhi ya akili. Huduma za kila namna ziliongezwa na kuunganishwa. Dola milioni 80 zilitumika, na wazazi wakaridhika. Profesa Leonard Bickman wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt na wenzake waliwalinganisha watoto hao na wengine wa kambi mbili zilizoendelea na huduma za kawaida. Mwaka 1996 akaeleza waliyoyaona: gharama ilikuwa kubwa zaidi, lakini watoto wa Fort Bragg hawakupona kuliko wenzao.

Wapo waliokasirika. Mimi naona somo: wingi wa huduma si uponyaji, na kuridhika kwa mzazi si nafuu ya mtoto.

Bickman hakuishia hapo. Je, mshauri akijua mapema kwamba kijana hasongi mbele, itasaidia? Mwaka 2011 yeye na wenzake walitoa matokeo ya jaribio la vijana 340, wa miaka 11 hadi 18, katika majimbo 10. Kijana, mzazi na mshauri walijaza maswali mafupi. Washauri wa vituo vingine walipata taarifa ya majibu kila juma; wengine kila baada ya siku 90. Vijana wa taarifa za kila juma walipata nafuu upesi zaidi, hasa pale mshauri alipozisoma kweli. Karatasi iliyofungiwa kabatini haimponyi mtu.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwalimu hutazama maksi, mzazi hutazama adabu, daktari hutazama mahudhurio. Usiku ulivyokuwa, anajua mtoto mwenyewe.

Basi wewe mwenye mtoto anayetibiwa, muulize mshauri wake: juma hili mwanangu amesema nini, nawe umebadili nini? Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Ni haki ya mgonjwa.

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.